Jina la Ukoo na Njia Lilikopita: Abahinda wa Biharamulo na Majirani Zao



Miaka michache iliyopita mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa Biharamulo, aliniletea fomu ofisini kwangu. Fomu ilikuwa na nafasi tatu za jina: jina la kwanza, jina la kati na jina la ukoo. Mbili za kwanza alikuwa amezijaza kwa mwandiko safi. Ya tatu aliiacha wazi. “Profesa,” aliniuliza, “babu yangu ana jina lake, na ukoo wetu ni Abahinda. Niandike lipi?” Akaniambia kwamba kaka yake aliandika la ukoo, na ofisi moja ikamrudishia fomu kwa sababu jina halikulingana na cheti cha kuzaliwa. Afisa aliyempokea aliongeza swali ambalo lilimkosesha kijana yule usingizi: “Hili si jina la Uganda?”

Mhadhara huu ni jibu langu kwa swali la mwanafunzi yule, na kwa swali la afisa pia, ingawa yeye hakuniuliza mimi. Hoja yangu ni moja. Jina la ukoo lina historia yake lenyewe, na historia hiyo si ile ile ya watu wanaolibeba. Mwanaisimu anaweza kufuata njia ya jina kwa kuchunguza viambishi vyake, mzizi wake na sauti zake. Akishafika mwisho wa njia hiyo, hana budi kukataa kulifanya jina kuwa cheti cha kuzaliwa cha mtu yeyote.

1.0 Ukoo gani?

Tuanze na istilahi, maana shida ya mwanafunzi yule ni ya istilahi kwanza. Tunaposema “jina la ukoo” katika fomu za serikali, tunakusudia jina la mwisho ambalo Wazungu hurithishana kutoka kwa baba kwenda kwa watoto bila kubadilika. Kwa Watanzania wengi nafasi hiyo hujazwa jina la babu. Jina la babu si la ukoo: hubadilika kila kizazi kinapopita, kwa kuwa mwanangu atamwandika baba yangu mahali ambapo mimi namwandika babu yangu. Pwani hali ni nyingine kidogo. Huko nisba kama Mazrui, iliyotoka Oman na kutawala Mombasa hadi 1837, imekaa miaka mingi bila kubadilika, na inalingana zaidi na kile ambacho fomu inakitaka.

Biharamulo, Ngara na Karagwe ukoo ni kitu kingine kabisa. Kihaya na Kizinza huuita oruganda. Una jina lake, na una mwiko wake unaoitwa omuziro, yaani mnyama, samaki au mmea ambao wana ukoo hawauli wala hawauli nyama yake. Neno hilo si geni kwa Mswahili. Kiswahili kiliidondosha sauti /l/ ya kale katikati ya irabu, ndiyo maana tunasema njaa mahali Mrundi anaposema inzara. Kwa kanuni hiyo hiyo omuziro wa Kihaya na umuziro wa Kinyarwanda ndio mzio wetu, ambao leo tumeukabidhi kwa madaktari.

Nilipokuwa mtoto Biharamulo, mgeni aliyefika jioni hakuulizwa kwanza anaitwa nani. Bibi yangu alimpa kiti na maji, kisha akamwuliza ukoo na mwiko wake. Mgeni akitaja mwiko ambao bibi aliufahamu, basi hata kama jina la ukoo wake lilikuwa tofauti na letu, kulikuwa na namna ya kusema kwamba “hawa wa kule ndio wale wa huku”. Usiku huo mgeni alilala kama ndugu. Lakini jina hilo alilolitamka mlangoni hakuliandika popote. Lilikuwa jina la kusemwa, na halikuwa la kutiwa saini.

2.0 Mskoti aliyepita Usuwi

Ili tuone vizuri jinsi jina la ukoo linavyosafiri, nitaomba ruhusa nianze mbali, huko Uskoti, kwa mtu mmoja aliyepita Biharamulo kwa miguu. Mwaka 1861 Waingereza wawili walipita katika nchi ambayo wapagazi wao waliiita Usui, wakielekea Karagwe kwa mfalme Rumanika. Nasema Waingereza kwa mazoea. Mmoja, John Hanning Speke, alikuwa Mwingereza, lakini mwenzake, James Augustus Grant, alikuwa Mskoti, mzaliwa wa Nairn, mwaka 1827. Mtawala wa Usui wakati huo alikuwa Suwarora, naye aliwatoza hongo. Kitabu cha Speke, kilichotoka mwaka 1863, kimejaa manung’uniko ya hongo hiyo.

Grant ni jina la mojawapo ya koo mashuhuri za nyanda za juu za Uskoti. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba jina lenyewe si la Kigaeli, lugha ya wenyeji wa nyanda hizo. Ni neno la Kifaransa cha Wanormandi, grand, yaani “mkubwa”. Katika karne ya 13 anatajwa Laurence le Grant, aliyekuwa ofisa wa mfalme katika eneo la Inverness, na hicho kiambishi le mbele ya jina kinaonyesha kwamba bado lilikuwa neno la sifa lenye maana hai. Baadaye le ikapotea, maana ikasahauliwa, likabaki jina tupu. Kisha likaenea kwa njia ambayo inatuhusu sana. Katika nyanda za juu za Uskoti wafuasi na wapangaji wa bwana wa ardhi walijitwalia mara nyingi jina la bwana huyo, ingawa hawakuwa wa damu yake. Kwa hiyo mtu mwenye jina la Kifaransa anaweza kuwa na mababu ambao hawakuwahi kuiona Ufaransa, wala kusema neno moja la Kifaransa.

Majina mengine ya Kiskoti yalitengenezwa kwa mac, neno la Kigaeli lenye maana ya “mwana”. Kwa muda mrefu majina ya namna hiyo yalibadilika kila kizazi, sawasawa na majina yetu ya babu, mpaka karani, kasisi na mkusanya kodi walipoyagandisha. Lipo McGowan, ambalo asili yake ni “mwana wa mhunzi”. Jina la kazi lililogeuka kuwa la damu. Hapa nawakumbuka Barongo, wafua chuma wa Buzinza, jirani zetu wa upande wa ziwa. Utafiti wa Peter Schmidt umeonyesha kwamba Barongo walikuwa chama cha kazi kilichopokea watu wa koo na asili mbalimbali. Majembe yao yalikwenda mbali. Leo mtu husema “mimi ni Mrongo” kama vile mwingine asemavyo “mimi ni Mzinza”, na hakosei.

Jina Grant nalo halikuishia Uskoti. Lilifika Tanzania, likaingia katika Kiswahili, na linaishi hadi leo mbugani: swala granti aliitwa kwa jina la msafiri yule. Neno la Kifaransa lenye maana ya “mkubwa” limekuwa jina la mnyama katika Kiswahili baada ya kupitia familia za Uskoti, na hakuna hata mmoja wetu anayedhani kwamba swala yule ana asili ya Ufaransa. Naomba mlikumbuke hilo tutakapofika kwa Abahinda.

3.0 Ruhinda na Abahinda

Ukiweka kando Kiziba, kilichotawaliwa na Ababito, sehemu kubwa ya nchi zilizo magharibi na kusini-magharibi mwa Ziwa Viktoria zilikuwa chini ya watawala wa ukoo wa Abahinda. Karagwe, ambako ikulu ilikuwa Bweranyange, ilikuwa yao. Ihangiro vilevile, na Buzinza, na Rusubi, ambayo ndiyo Biharamulo tunayoizungumzia. Ng’ambo ya mpaka wa leo, Nkore ya Uganda ilikuwa na watawala Abahinda pia. Mwiko wao Kagera ni enkende, tumbili. Nkore husema enkima, na hilo ni neno letu la Kiswahili, kima.

Simulizi za Karagwe, ambazo mwanahistoria Israel Katoke alizikusanya na kuzichapisha mwaka 1975, zinaeleza kwamba mwanzilishi alikuwa Ruhinda, aliyefika kutoka kaskazini, kutoka Kitara, akamshinda Nono wa ukoo wa Abasita, aliyekuwa akitawala. Simulizi nyingi humfanya Ruhinda kuwa mwana wa Wamara, wa mwisho katika Abachwezi. Kisha aliwaweka wanawe katika nchi za jirani, mmoja huku, mwingine kule, na nchi hizo zote zikawa za Abahinda. Wanahistoria huyaweka mambo hayo katika karne ya 15 au ya 16. Buzinza iligawanyika baadaye, na katika karne ya 19 Rusubi ilikuwa nchi peke yake yenye mtawala wake. Ndiye Suwarora aliyetoza hongo.

Simulizi hii ni nadhifu mno. Baba mmoja, wana kadhaa, na kila mwana nchi yake: sura hiyo hutokea duniani kote ambako watawala kadhaa wanataka kuitana ndugu. Mwanahistoria ana njia zake za kuipima. Sisi wanaisimu tuna jina lenyewe.

Tuliangalie. Ruhinda ni Ru- na -hinda. Kiambishi Ru- ni cha ngeli ya 11, ngeli ile ile iliyotupa ulimi na ukuta katika Kiswahili baada ya kuipoteza sauti /l/. Mhaya husema orulimi. Ngeli hii hubeba vitu virefu na vikubwa. Ikimwangukia mtu humkuza, na ndiyo maana majina ya sifa katika eneo letu hupenda kuanza nayo. Rugaba, jina la Mungu kwa Wahaya, limetokana na kitenzi -gaba, kugawa. Rumanika, mfalme aliyewapokea Speke na Grant, ana jina lenye kitenzi kinachojulikana katika Kinyarwanda na Kirundi, kumanika, yaani kutundika. Muundo ni mmoja: Ru-, shina la kitenzi, irabu -a mwishoni. Ni kama sentensi fupi ya kujigamba iliyofungwa katika neno moja, “agawaye”, “atundikaye”.

Na -hinda? Katika Kinyarwanda inkuba irahinda ni “radi inanguruma”. Kitenzi hicho hicho hutumika kwa mtu anayetetemeka kwa homa. Kwa jina la sifa la shujaa mimi naegemea ngurumo, ingawa sitagombana na atakayesema “atetemeshaye”. Jambo muhimu ni kwamba jina lina muundo wa jina la sifa la Kibantu, limekamilika, wala halihitaji kuazimwa kutoka mahali popote.

Sasa tazameni Abahinda. Kama jina la ukoo lingeundwa moja kwa moja kutoka kwenye kitenzi kwa maana ya “watendao”, tungetazamia kiishio -i, kama linda inavyotupa mlinzi na pika inavyotupa mpishi. Kinyarwanda nacho kina kurinda na umurinzi. Kwa kanuni hiyo -hinda ingetupa -hinzi, na katika Kinyarwanda umuhinzi tayari lipo, lakini limetoka katika guhinga na maana yake ni mkulima. (Watawala wale waliojivunia ng’ombe kuitwa wakulima! Lugha ina mzaha wake.) Jina halikwenda njia hiyo. Limebaki na -a, na hiyo -a ndiyo iliyokuwa mwishoni mwa Ruhinda. Inaelekea basi kwamba jina la sifa la mtu lilitangulia, kisha Ru- ikaondolewa, ikawekwa aba- ya watu wengi: Abahinda, “wale wa Ruhinda”.

Mwanafunzi makini ataniuliza: na mganga je? Mganga limetoka katika ganga, nalo lina -a. Ni kweli, na ni swali zuri. Yapo majina ya watenda yenye -a, na hupatikana zaidi pale yanapofuatwa na nomino, kama mfanyakazi. Yaliyosimama peke yake ni machache, na siwezi kujenga nyumba nzima juu ya msumari huu mmoja. Ninachodai ni kwamba umbo la jina linapatana na simulizi katika jambo moja: kulikuwa na jina la sifa la mtu, na kundi likajiita kwalo. Umbo la jina haliniambii kama mtu huyo alitoka kaskazini. Haliniambii kama alikuwa na wana wanne au hakuwa na mwana. Wala haliniambii ni wangapi kati ya waliojiita kwa jina lake walikuwa wa damu yake, na ni wangapi walikuwa kama wale wapangaji wa Uskoti.

4.0 Busubi, Usuwi, Usui

Majina ya nchi walizozitawala Abahinda yalisafiri pia, na hapa tunaweza kusikia hata kinywa kilichoyabeba. Wenyeji husema Buzinza, Busubi, Buganda, Bunyoro. Speke aliandika Uzinza, Usui, Uganda, Unyoro. Kiambishi cha ngeli ya 14 katika Kiswahili ni u-, na wapagazi na wafanyabiashara waliotoka pwani na Tabora waliyavalisha majina hayo vazi la Kiswahili kabla Mzungu hajayasikia. Ndiyo sababu taifa jirani linaitwa Uganda, ingawa wenyewe wana Buganda yao.

Busubi ilipata mabadiliko ya pili. Sauti /b/ ya lugha zetu, ikikaa kati ya irabu, hulegea. Midomo hukaribiana bila kufungana. Kiswahili hakina sauti hiyo, na msikilizaji wa pwani aliisikia kama /w/, au hakuisikia kabisa. Hivyo Busubi ikawa Usuwi, na Usuwi ikawa Usui katika ramani za Ulaya. Linganisheni na Bugufi na Buhangaza za Ngara, ambazo hatuziiti Ugufi wala Uhangaza. Hizo ziliingia katika maandishi baadaye, kupitia utawala na misheni, wakati karani aliandika kama mwenyeji alivyotamka. Jina lenye B- na jina lisilo na B- yanatuonyesha zamu mbili tofauti za historia.

Jina Subi lenyewe lina mtego ambao nimewaona watafiti wazuri wakiuangukia. Wapo Wasubi wa Biharamulo na wapo Washubi wa Ngara. Masikio ya mgeni husikia jina moja, na uainishaji wa Malcolm Guthrie uliweka Subi moja tu, katika kundi la Kirundi na Kinyarwanda, pamoja na Kihangaza. Hiyo inafaa kwa lugha ya Ngara. Usemi wa Biharamulo uko karibu zaidi na Kizinza na Kihaya, lugha za kundi ambalo Henry Muzale alilichunguza kwa jina la Rutara. Majina mawili yanayokaribia kuwa moja, lugha mbili za makundi mawili. Na kinyume chake: Abahinda ni jina moja lililowatawala wasemaji wa lugha kadhaa. Atakayetaka kuchora ramani ya uhamaji kwa kuunganisha majina yanayofanana atachora mistari mizuri sana, na mingi itakuwa ya uongo.

5.0 Jina lilipofanywa damu

Wakati Speke anapita Biharamulo alikuwa akiunda nadharia yake. Katika kitabu chake cha 1863 alidai kwamba watawala wa eneo la maziwa makuu walikuwa jamii ya kigeni, iliyotokana na Waoromo wa Ethiopia, ambao yeye aliwaita Wagala. Aliwatazama nyuso, akasikiliza simulizi za kutoka kaskazini, akaunganisha. Hakuuliza swali ambalo mwanafunzi wetu wa mwaka wa pili angeuliza: majina yao ni ya lugha gani? Ruhinda, Rumanika, na Ntare, jina la kifalme linalopatikana Nkore, Karagwe, Buzinza na Burundi na ambalo maana yake ni “simba”, yote ni ya Kibantu kuanzia kiambishi hadi irabu ya mwisho.

Lakini naomba tusishangilie upesi. Jina la Kibantu halithibitishi kwamba mbebaji wake alizaliwa na Wabantu, kama vile Grant haithibitishi kwamba mtu ni Mfaransa. Swali la Speke lilikuwa baya tangu mwanzo, na jibu sahihi si kumpa kinyume chake. Jina hutueleza lugha ya waliolitunga na njia ya waliolitumia. Kuhusu damu halina ushahidi wa kutoa.

Nadharia ile ilitoka kitabuni ikaingia ofisini. Katika Kinyarwanda neno ubwoko lilikuwa na maana ya aina, na kwa watu lilitumika kutaja ukoo: Abasinga, Abazigaba, Abagesera na wengineo. Ndani ya kila ukoo walikuwamo Wahutu, Watutsi na Watwa pamoja, jambo ambalo Marcel d’Hertefelt alilionyesha kwa takwimu mwaka 1971 na David Newbury akalieleza kihistoria baada yake. Wabelgiji walipotoa vitambulisho miaka ya 1930, neno ubwoko liliwekwa hapo kwa maana nyingine: Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Neno lililokuwa likiwaunganisha watu katika ukoo mmoja likawa la kuwatenganisha katika karatasi. Matokeo yake tuliyaona kwa macho yetu. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa takriban saa 24, watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara. Siku zile nilizungumza na wazee wa Ngara waliokuwa wakiwauliza wakimbizi koo zao kama bibi yangu alivyowauliza wageni, ili wajue wawapokee vipi. Baadhi ya wakimbizi waliogopa kujibu. Kwao swali la ubwoko halikuwa tena swali la mwenyeji mwenye maji mkononi.

Mpaka wa Rusumo nao ni mchanga kuliko majina. Makubaliano ya Waingereza na Wabelgiji ya 1919 yaliiweka sehemu ya mashariki ya Rwanda, pamoja na Gisaka, upande wa Tanganyika. Miaka michache baadaye ikarudishwa, na mto Kagera ukawa mpaka. Bugufi, iliyokuwa chini ya mwami wa Burundi, ilibaki upande wetu. Kwa hiyo familia moja, katika muda usiofika miaka kumi, iliweza kubadilishiwa nchi mara mbili bila kuhama kutoka kwenye migomba yake. Hakuna ukoo uliobadilisha jina kwa ajili hiyo. Mwaka 1963 Tanganyika ilifuta mamlaka ya machifu, na tangu hapo kuwa Muhinda hakumpi mtu cheo chochote.

Mwaka 2013 ilifanyika operesheni ya kuwaondoa wahamiaji haramu katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Miongoni mwa walioondoka walikuwamo watu walioishi humu kwa miongo kadhaa. Sina ujuzi wa kusema juu ya usalama wa nchi, wala si kazi ya mhadhara huu. Ninao ujuzi wa kusema juu ya majina na lafudhi, na nilisikia yakitajwa vijijini kama ushahidi wa ugeni: huyu anasema kama Mrundi, yule ukoo wake uko Uganda. Kihangaza kinafanana na Kirundi kwa sababu ni lugha dada, na kilikuwapo Ngara kabla hapajakuwa na nchi mbili za kulinganisha. Abahinda wako Uganda, na wako Biharamulo tangu karne nyingi kabla ya neno Tanganyika kuandikwa. Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 inatambua uraia wa kuzaliwa, wa kurithi na wa tajnisi. Ukoo haumo.

6.0 Kazi iliyobaki

Wanafunzi watakaokwenda uwandani Biharamulo na Ngara nawaomba waanze na miiko kabla ya majina. Muulizeni mzee hali nini, na ni ukoo gani mwingine usiokula kitu hicho. Hapo mtapata undugu ambao majina yanauficha. Andikeni toni, kwa kuwa tahajia zetu haziionyeshi, na bila toni hatuwezi kuyapambanua mashina yanayofanana kwa herufi. Yaandikeni majina ya vilima na ya mahame pia. Sehemu kubwa ya nchi ya zamani ya Rusubi imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019, na wanaokumbuka nani alikaa wapi kabla pori halijatengwa wamebaki wachache.

Ama yule mwanafunzi, nilimshauri aandike jina la babu yake, lile lililo katika cheti, ili fomu isirudi. Aliandika. Kisha akageuza karatasi ya rasimu, akaniandikia nyuma yake jina la ukoo, mwiko, na majina ya mababu saba aliyofundishwa na shangazi yake, la tano likiwa na Ru-. Karatasi hiyo ninayo hadi leo, na ndiyo iliyokuwa data yangu ya kwanza ya mhadhara huu.